Juu ya Msuli au Chini ya Msuli

Duka la Mauza liko Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Uhuru. Ni duka jembamba sana. Ukisimama katikati na kunyoosha mikono, unagusa kuta zote mbili. Lakini kwenda juu, duka hilo ni refu. Majora ya vitambaa yamepangwa kutoka sakafuni mpaka darini. Kuna vitenge, satini, lesi, na shela za maharusi.

Mauza ana miaka arobaini na nne. Ni mfupi wa kimo na maneno yake ni mengi. Duka aliachiwa na marehemu baba yake, pamoja na fimbo ndefu yenye ndoano. Mteja akitaka jora la juu, Mauza hapandi ngazi. Analivuta kwa ndoano, analidaka kwa mikono miwili juu ya kichwa, kisha analitupa juu ya kaunta. Kitambaa kinakunjuka chenyewe mpaka mbele ya mteja. Wapo wateja wanaokuja na rafiki zao ili tu waone.

Mume wake anaitwa Saif. Anauza saa mtaa wa pili. Yeye ni mrefu na mpole, na huongea mke wake akipumzika. Wana binti mmoja, Anfal, anayesoma ualimu. Wote watatu wanaishi Mchafukoge, ghorofa ya tatu.

Kariakoo kuna somo ambalo watoto wa wauza duka hulijua kabla ya kujua kusoma. Ukitaka kununua kitu, usionyeshe kuwa unakitaka. Ukimwambia muuzaji kuwa harusi ni kesho, umekwisha, bei itapanda mbele ya macho yako. Sema unapita tu. Sema nyumbani unacho kingine. Mauza alikuwa bingwa wa somo hilo. Aliwahi kununua friji huku akimwambia muuzaji kuwa kwake hakuna umeme.

Nampenda Mauza, na ndiyo maana nasema wazi: ubingwa huo ulitaka kumponza.

Mwezi wa tatu, akiwa anaoga, alishika kivimbe kwenye titi la kushoto. Kilikuwa kigumu na hakikuuma. Hapa Mauza alifanya jambo la maana sana. Hakusubiri aone kama kitaondoka. Wiki ile ile alikwenda hospitali. Akapigwa picha ya matiti. Akatolewa kipande kidogo cha nyama kwa sindano ili kipimwe.

Majibu yalipotoka, yeye na Saif waliitwa pamoja. Daktari wao aliitwa Vitalis, mtu wa sauti ya chini na miwani mikubwa.

"Mama, ni saratani," alisema daktari. "Lakini umewahi. Imekaa sehemu mbili za titi, kwa hiyo itabidi titi lote litolewe. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza."

Saif alimshika Mauza mkono chini ya meza.

"Siku hiyo hiyo ya upasuaji," daktari aliendelea, "tunaweza kuweka mfuko wa silikoni mahali pa titi. Ni mfuko laini, umejazwa kitu kizito kama uji mzito. Tuelewane, mfuko hautibu saratani. Unarudisha umbo tu. Unaweza kuutaka, unaweza kuukataa. Kuna akina mama wengi wanaovaa titi la kitambaa ndani ya sidiria, na wanaishi vizuri kabisa."

Moyoni Mauza aliutaka mfuko ule sana. Lakini mdomo wake ulijibu kama uko sokoni.

"Ah, hata nisipouweka ni sawa tu," alisema.

"Daktari, anautaka," alisema Saif.

Daktari alitabasamu, akachukua kalamu. "Sawa. Nikuulize, unafanya kazi gani?"

"Nina kiduka. Nakaa tu."

"Unabeba vitu vizito?"

"Hapana."

"Unanyanyua mikono juu ya kichwa mara kwa mara?"

"Nikifunga ushungi," alijibu Mauza.

Saif alikohoa. Alikohoa tena. Mauza hakumtazama. Tangu kivimbe kionekane, alikuwa amemwahidi mume wake kwamba hatashika tena jora la juu. Na tena alikuwa na hofu yake. Alifikiri kwamba daktari akiijua kazi yake, atamwambia aache duka. Aliona afadhali amfiche, kama anavyofichwa muuzaji.

Daktari aliandika: anafanya kazi ya kukaa.

"Mfuko unaweza kukaa mahali pawili," alisema. "Unaweza kukaa juu ya msuli wa kifua, yaani baada ya ngozi tu. Au unaweza kukaa chini ya msuli. Kwa mtu ambaye hatumii sana nguvu za kifua, chini ya msuli panafaa, kwa sababu msuli unaufunika mfuko vizuri. Nenda ukafikirie. Baada ya wiki moja uje tuamue."

Nje, kwenye benchi la kliniki, walimkuta mwanamke mwembamba akisubiri zamu yake. Aliitwa Sofia. Anafanya kazi ya kuchapa barua kwenye duka la vifaa vya ofisi kule Ilala. Wagonjwa wa kliniki moja huzoeana haraka, na baada ya dakika tano Mauza alikuwa ameshajua habari zake zote.

"Mimi waliniwekea chini ya msuli, mwaka jana," alisema Sofia. "Hebu niangalie. Unajua ni lipi?"

Mauza aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Hakujua ni lipi.

"Lina raha hilo?" aliuliza.

"Mwezi wa kwanza kifua kilibana kweli kweli. Sasa hivi nalisahau kama lipo."

"Basi na mimi nachukua kama lako," alisema Mauza, akainuka.

Akawa ameamua. Aliamua vile wateja wake wanavyoamua, kwa kuona kitenge kimempendeza mwingine.

Jumamosi asubuhi duka lilijaa. Katikati ya wateja aliingia Violeth. Violeth ni nesi wa wodi ya upasuaji katika hospitali nyingine, na ni jirani yao wa ghorofa ya pili. Anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa lake, na siku hiyo alitumwa kutafuta kitambaa cha sare.

"Shikamoo, mama," alisema Anfal, aliyekuwa anakata lesi.

"Marahaba, mwanangu. Mama Anfal, habari za mapambano?"

"Salama, dada Violeth. Mnataka rangi gani mwaka huu? Msiniambie zambarau tena."

"Zambarau, basi," alisema Violeth huku akicheka. "Ile ya juu kabisa."

Mauza akachukua fimbo. Akavuta. Jora zito la satini likashuka, akalidaka juu ya kichwa kwa mikono miwili, akalitupa. Zambarau ikakunjuka juu ya kaunta. Wanawake wawili mlangoni wakapiga vigelegele kidogo.

Violeth hakupiga vigelegele. Alingoja wateja wapungue. Kisha akaegemea kaunta.

"Anfal aliniambia habari ya upasuaji wako. Pole sana. Mmeamua nini?"

"Mfuko. Chini ya msuli. Kuna dada mmoja kliniki, lake limekaa vizuri ajabu."

"Na daktari anaijua hii kazi ninayoiona hapa?"

Mauza alikunja kipande cha satini. Akakikunjua. "Nilimwambia nakaa tu."

"Mama Anfal!"

"Sasa ningesemaje? Ukimwambia mtu shida yako yote, si anakupandishia?"

"Anakupandishia nini? Ugonjwa?"

Anfal alicheka, kisha akaona mama yake hacheki, akaacha.

"Weka viganja pamoja mbele ya kifua," alisema Violeth. "Sasa visukume, kiganja kwa kiganja. Kwa nguvu. Umesikia kifua kimekaza?"

"Nimesikia."

"Huo ndio msuli wa kifua. Unakaza ukisukuma mlango, na unakaza sana ukivuta jora na kulidaka. Mfuko ukiwa chini yake, kila msuli ukikaza unaubana. Titi linaweza kusogea au kupanda, au kujikunja kidogo. Kwa mwenye kazi ya kuchapa barua, hilo ni jambo dogo, pengine halioni kabisa. Kwako wewe lingetokea mara mia kwa siku. Na wapo wanaopata maumivu wakifanya kazi ya nguvu."

"Basi niwekewe juu ya msuli. Yamekwisha."

"Subiri. Una haraka kama mteja wa mkesha wa Idi. Nipe kifungo kikubwa, kile cha koti. Nipe na kipande cha shela na kipande cha kitenge."

Anfal alimletea. Violeth aliweka kifungo kwenye kaunta, akakifunika kwa shela.

"Unaona nini?"

"Naona kifungo. Hata mzunguko wake naona."

Akakifunika kwa kitenge kilichokunjwa mara mbili. "Na sasa?"

"Naona kuna kitu tu. Sijui ni nini."

"Ndivyo ilivyo. Ukiweka mfuko juu ya msuli, kinachoufunika ni ngozi na mafuta yaliyo chini ya ngozi tu. Mtu akiwa na ngozi nene kiasi, panakaa vizuri. Halafu maumivu ya mwanzo huwa kidogo, na msuli haukatwi. Lakini mwenye ngozi nyembamba, kingo za mfuko zinaweza kuonekana, hata mikunjo. Huyo rafiki yako yukoje?"

"Mwembamba. Mifupa ya shingo unaihesabu."

"Basi inawezekana ndiyo maana alifunikwa na msuli. Kwake huenda palifaa. Wewe una mwili wako na kazi yako."

Mauza alitazama kifungo.

"Kwa hiyo wewe unanichagulia lipi?" aliuliza.

"Sikuchagulii. Mimi sijakupima. Daktari ndiye aliyekupima, na yeye hajui kazi yako. Kila mmoja ana nusu. Rudi ukampe nusu yako." Violeth alimshika bega. "Mama Anfal, yule hakuuzii kitu. Ukimficha, unajificha mwenyewe."

Kisha akanunua zambarau yake, akaomba apunguziwe, wakabishana kwa furaha kama kawaida.

Saa saba mchana Saif alikuja na wali kwenye hotpoti, kama anavyofanya siku za Jumamosi. Mauza alimwambia Anfal aende akanunue maji. Maji yalikuwepo, na Anfal aliyaona, lakini alikwenda.

"Baba Anfal, nilikuahidi sitanyanyua majora," alisema Mauza. "Nimenyanyua kila siku."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Kila jioni unarudi na vumbi la darini kwenye ushungi. Chini hapa hakuna vumbi, unafagia mara nne."

"Sasa kama unajua, mbona kwa daktari ulinyamaza?"

"Nilikohoa."

"Kukohoa ndiyo kusema?"

"Nilikohoa mara mbili," alisema Saif.

Mauza alicheka mpaka akashika kaunta. Halafu kicheko kikageuka, akaanza kulia. Saif aliweka hotpoti chini. Hawakuzoea kuitana majina, lakini sasa alimwita.

"Mauza. Naogopa. Kila siku nakwambia siogopi, ni uongo. Naogopa kukukosa. Umbo mimi sijali. Duka sijali. Ubaki tu."

"Mimi najali," alisema Mauza, akijifuta. "Nataka kubaki, hilo la kwanza. Lakini nataka na mwili wangu unipendeze nikijitazama. Na mikono yangu naitaka. Nikikaa kitini mwaka mzima nikiangalia mtu mwingine anavuta majora ya baba yangu, nitakuwa nimepona nini?"

"Hayo ndiyo ungemwambia daktari," alisema Saif. "Yote, hivyo hivyo."

Siku ya kurudi kliniki, Mauza alikwenda na Saif, na alikwenda na video. Anfal alikuwa amemrekodi kwa simu akivuta jora, akilidaka na kulitupa. Mauza aliiweka simu mezani kabla daktari hajafungua faili.

Dk. Vitalis alitazama mpaka mwisho. Akarudia. Akavua miwani.

"Huyu ndiye anayekaa tu?"

"Nilikudanganya, daktari. Nisamehe. Niliogopa utaniachisha kazi. Na kuna jambo lingine. Nakunywa dawa ya mizizi, nimeletewa na mke wa kaka yangu. Na ile dawa ya kichwa, naimeza kila nikichoka."

"Hukunidanganya mimi peke yangu," alisema daktari, lakini hakukasirika. "Hiyo mizizi, niletee niione, na uiache kuanzia leo. Baadhi ya dawa huongeza kutokwa na damu wakati wa upasuaji, hata hizo za kichwa. Umefanya vizuri sana kusema. Sasa tuanze upya."

Akamwita nesi wa kike awepo, akampima Mauza tena. Alibana ngozi ya kifua taratibu kwa vidole, juu, chini na pembeni, ili ajue unene wake. Aliuliza kama ana kisukari. Hana. Aliuliza kama anavuta sigara. Mauza aliudhika kidogo kwa swali hilo, lakini alijibu. Daktari alimweleza kwamba sigara na kisukari huchelewesha kidonda kupona, ndiyo maana wote huulizwa.

"Ngozi yako ina unene wa kutosha," alisema walipokaa tena. "Kwa kazi yako hii, mimi sasa naegemea kuweka mfuko juu ya msuli. Tutauzungushia wavu mwembamba wa kuushikilia. Lakini kuna mambo lazima uyajue kabla hujasaini."

"Niambie yote."

"Kingo zinaweza kuonekana kidogo, hasa ukikonda. Mfuko haudumu maisha yote. Unaweza kuhitaji kubadilishwa baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo kliniki utakuwa unakuja. Na nikishatoa titi, nitaangalia kama ngozi iliyobaki inapata damu ya kutosha. Nikiona haipati vizuri, sitalazimisha. Nitauweka chini ya msuli, au nitafunga kidonda bila mfuko, tungoje upone. Unakubali niamue hilo nikiwa ndani?"

Mauza alimgeukia Saif. Saif hakukohoa.

"Swali ni lako," alisema. "Mimi niko na wewe kwa lolote."

"Na ikibidi nipate tiba ya mionzi baadaye?" Mauza aliuliza. Swali hilo alikuwa ameliandika kwenye karatasi, pamoja na mengine kumi na moja.

"Mionzi inaweza kuufanya mwili uubane mfuko, titi likawa gumu au likabadilika umbo. Hiyo hutokea popote ulipowekwa. Tezi za kwapani ndizo zitakazotuambia kama mionzi inahitajika."

Aliuliza yote kumi na mawili. Waliokuwa nje wakaanza kupiga chafya za makusudi. Mwishowe alisaini, kwa mwandiko mkubwa.

Siku ya upasuaji alipelekwa ndani asubuhi. Saif na Anfal walikaa kwenye benchi. Violeth alipita baada ya zamu yake ya usiku, akakaa nao huku akisinzia, kichwa kikimwangukia Anfal begani.

Mauza alipoanza kuamka kutoka kwenye nusu kaputi, midomo ilikuwa mikavu. Nesi aliinama kumsikiliza.

"Juu au chini?" alinong'ona Mauza.

"Pole kwanza, mama."

"Asante. Juu au chini?"

Daktari mwenyewe alikuja baadaye. "Saratani tumeitoa," alisema. "Ngozi yako ilikuwa na damu nzuri. Mfuko uko juu ya msuli, kama tulivyopanga."

Mauza alifumba macho, machozi yakamtoka. Alishukuru, kweli alishukuru. Lakini alilia pia kwa ajili ya titi lililoondoka. Anfal alilinyonya miaka miwili, na alipokuwa mgonjwa hakutaka lingine. Mfuko hauwezi kuwa titi lile. Saif alikaa kando ya kitanda akamwacha alie, na naye akalia bila kuficha.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwa mtu wa aina yake. Alitoka hospitali na mpira mdogo wa kutolea majimaji ubavuni. Anfal aliyapima majimaji kila siku na kuandika. Mauza alifundishwa mazoezi ya mkono, polepole, kwa kutembeza vidole ukutani. Aliambiwa asinyanyue kitu chochote kizito mpaka aruhusiwe. Anfal alimchana nywele, na Saif alimkatia kuku vipande vidogo kama anamlisha mtoto wa chekechea.

"Mkono wangu wa kulia ni mzima," alilalamika.

"Pumzika," walijibu wote wawili.

Siku ya tisa asubuhi aliona ngozi karibu na kidonda imekuwa nyekundu. Mwili ulikuwa na joto. Nakuambia kweli, Mauza wa zamani angevuta kanga juu yake na kusema hajambo. Mauza huyu alimpigia Violeth kabla ya chai.

"Pamekuwa pekundu, na nina homa," alisema. "Nataka kwenda sasa hivi."

"Ndivyo inavyotakiwa. Vaa, nakuja," alijibu Violeth.

Ulikuwa mwanzo wa maambukizi. Alilazwa siku tatu, akachomwa sindano za dawa, na wekundu ukaisha. Dk. Vitalis alimwambia kwamba angechelewa wiki nzima, huenda mfuko ungetolewa. Siku hiyo hiyo alimpa majibu mengine. Tezi za kwapani zilikuwa safi. Hakuhitaji mionzi. Angemeza vidonge vya kuzuia saratani isirudi, kila siku kwa miaka kadhaa, na titi la kulia lingepigwa picha kila mwaka.

Kwenye kliniki ya mwezi wa pili baada ya upasuaji alikutana tena na Sofia. Waliangaliana vifua, wakacheka, na Mauza akamweleza kuwa lake liko juu ya msuli.

"Kumbe ulibadilisha?" alisema Sofia.

"Kazi yangu haikulitaka kama lako. Lako limekaaje?"

"Mimi sina neno. Daktari aliniambia ngozi yangu isingeweza kuficha."

"Lako zuri," alisema Mauza. "Na langu zuri."

Duka lilikuwa limefunguliwa muda wote, Anfal na binamu yake wakilisimamia kwa kutumia ngazi. Mauza alirudi kwanza kukaa, na safari hii alikaa kweli. Baadaye aliruhusiwa kukata vitambaa. Kisha kubeba majora madogo ya chini. Mwezi wa nne baada ya upasuaji ulipopita, daktari alimpima, akamwambia anyanyue mikono, asukume viganja, avute kamba. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Anza na jora jepesi," alisema. "Ukisikia maumivu, acha, uje uniambie."

"Nitakuambia mpaka uchoke," alijibu Mauza.

Jumamosi mchana aliingia mteja mgeni, mama wa bibi harusi. Alisimama mlangoni, akaangalia juu.

"Mimi napita tu," alisema. "Ile lesi nyeupe ya juu kabisa, naweza kuiona?"

Anfal alikwenda kuchukua ngazi. Mauza alimzuia kwa mkono. Saif alikuwa amekuja na wali, akabaki amesimama na hotpoti, hata salamu hakumaliza.

Mauza aliishika fimbo. Akavuta. Lesi ilisogea, ikaning'inia, ikashuka. Akaidaka juu ya kichwa kwa mikono miwili. Kifua kilikaza, na titi lilitulia mahali pake. Akasikiliza mwili wake kwa muda mfupi tu, kama mtu anayesikiliza kama mtoto ameamka. Hakuna kilichouma. Akalitupa jora, na lesi nyeupe ikakunjuka mpaka mbele ya mgeni.

Mgeni hakujua kitu. Alishika lesi akaigeuza. Anfal aliziba mdomo kwa viganja. Saif aligeukia ukutani, akavuta kitambaa cha kwanza alichokigusa, akajifuta macho nacho.

"Mita ngapi, mama?" Mauza alimuuliza mteja. Kisha, bila kugeuka, kwa sauti aliyojaribu kuifanya kali ikakataa: "Baba Anfal, hiyo satini nitamuuzia nani sasa?"